Nani Kasema Shangazi Halipi Kodi?

Kila mwaka bajeti inaposomwa, mwezi wa sita, wimbo ni uleule: Waganda hawapendi kulipa kodi. Tunaambiwa kwamba walipaji ni wachache, yaani makampuni na wenye mishahara minono, na kwamba wengine wote, wachuuzi, wakulima na wazee, wamebebwa mgongoni na hao wachache. Humu chuoni mwenzetu mmoja alikwenda mbali zaidi. Alisema mbele ya darasa kwamba asiyelipa kodi hana haki ya kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Wengi walimpigia makofi. Insha hii ni jibu langu kwake, na kwa wote waliopiga makofi siku ile.

Nasema hivi: ukiacha kodi za serikali kuu na kutazama zile za mtaa, yaani za wilaya, manispaa na jiji, mnyonge wa Uganda hulipa zaidi ya tajiri. Na mstaafu, ambaye Katiba yenyewe imesema malipo yake yasiguswe, hulipishwa kwa mlango wa nyuma. Sisemi haya kwa hasira tupu. Nitaleta hesabu, na hesabu haina chama.

Tuanzie mbali kidogo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka juu ya kila nyumba. Haukuuliza kama nyumba ni ya nyasi au ya matofali, wala kama mwenye nyumba ana ng'ombe mia au hana hata kuku. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, iliyopangwa kwa madaraja ya kipato, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu. Mwanamume aliyekosa tikiti ya kodi alikamatwa njiani, sokoni, hata kitandani alfajiri. Wapo waliolala vichakani na kwenye mabwawa ya mafunjo msimu wa kukusanya ulipofika. Mwaka 2005 kodi hiyo ilisimamishwa, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Februari 2006. Hakuna aliyeililia, na mimi siombi irudi.

Lakini kuondoa kodi ni jambo moja, na kujua ni nani atakayeziba pengo ni jambo jingine. Kodi ya kichwa ndiyo iliyokuwa tegemeo la wilaya. Ilipoondoka, serikali kuu iliahidi fidia, na wilaya zikawa zinasubiri fedha kutoka Kampala kama mtoto anayesubiri nauli. Mwaka 2008 sheria ikarekebishwa, ikaletwa kodi mpya, Kodi ya Huduma za Mitaa. Hapo ndipo hesabu yangu inapoanza.

Kodi hii hukatwa kwenye mshahara katika miezi minne ya mwanzo ya mwaka wa fedha. Anayepata zaidi ya shilingi 100,000 hadi 200,000 kwa mwezi hulipa shilingi 5,000 kwa mwaka. Anayepata zaidi ya 400,000 hadi 500,000 hulipa 30,000. Anayepata zaidi ya 700,000 hadi 800,000 hulipa 70,000. Ngazi inapanda hivyo mpaka kwenye shilingi milioni 1. Ukivuka hapo unalipa 100,000 kwa mwaka, na ngazi imekwisha. Hakuna kidato kingine juu yake.

Tuwaweke watu wawili kwenye mizani. Wa kwanza ana mshahara wa shilingi 1,050,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata milioni 12 na laki 6, na anatoa laki moja, ambayo ni karibu senti 80 katika kila shilingi 100. Wa pili ni mkurugenzi anayepata milioni 20 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata milioni 240, naye anatoa laki moja ileile, yaani senti 4 tu katika kila shilingi 100. Yule mdogo amebeba mzigo mara 19 ya mkubwa wake. Barabara ya mtaani wanapita wote, tena mkubwa anapita na gari zito zaidi.

Sasa tumlete mtu wa tatu, ambaye kwenye hotuba huitwa asiyelipa kodi. Huyu ni shangazi yangu. Anauza nyanya, vitunguu na ndizi za kupika katika soko ambalo sitalitaja jina. Hana mshahara wa kukatwa Kodi ya Huduma za Mitaa. Lakini kila asubuhi mtoza ushuru hupita na kitabu chake cha risiti, naye hutoa shilingi 1,000, awe ameuza au hajauza, mvua inyeshe au jua liwake. Tuseme anafanya kazi siku 300 kwa mwaka, maana Jumapili huenda kanisani na siku nyingine huugua. Hizo ni shilingi 300,000. Muuza nyanya anaipa halmashauri mara tatu ya kile anachotoa mkurugenzi wa milioni 20!

Na hata hivyo mwenzetu anasema shangazi halipi kodi. Kwa nini? Kwa sababu fedha zake zimepewa majina mengine: ushuru, ada, tozo, mchango. Waganda huuita ushuru huu wa soko empooza. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua tofauti ya maneno haya, na tunajua pia yanavyoweza kutumika kuficha mambo. Fedha ya mwenye tai ikiitwa kodi, yeye anaitwa mlipa kodi na kusifiwa kwenye mabango. Ya mwenye kanga ikiitwa ushuru, yeye anaitwa mzigo kwa taifa. Fedha zote mbili zinaingia kwenye akaunti ya halmashauri moja.

Najua nitakavyojibiwa. Watasema kwanza kwamba ushuru wa soko ni malipo ya huduma: meza, choo, maji, ulinzi, kuzolewa taka. Sawa. Basi nendeni sokoni mkaitazame huduma hiyo. Katika soko la shangazi, ukitaka kwenda chooni unalipa tena mlangoni. Taka hukaa mpaka zichachuke. Mlinzi wa usiku analipwa na wachuuzi wenyewe kwa mchango wa kila wiki. Ikiwa huduma hulipiwa mara ya pili, ile shilingi 1,000 ya asubuhi ilikuwa ya nini?

Watasema pili kwamba mkurugenzi hulipa kodi kubwa ya mshahara, ambayo hupanda hadi asilimia 40 kwa sehemu inayozidi shilingi milioni 10 kwa mwezi. Ni kweli, na simnyang'anyi sifa yake. Lakini kodi hiyo huenda kwa serikali kuu, na shangazi naye huilipa serikali kuu kila anunuapo sabuni au muda wa maongezi, kwa maana kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haimuulizi mtu kazi yake. Mimi ninazungumzia kata na mtaa: mtaro, taa ya njiani, zahanati. Huko, mchango wa mwenye nacho umewekewa dari tangu mwaka 2008, na wa asiye nacho haukuwekewa dari yoyote.

Tuache mishahara, tutazame nyumba. Sheria ya mwaka 2005 ya kodi za majengo inasema nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi. Kwa juu juu ni sheria ya huruma. Ilikusudiwa, naamini, kumlinda mjane na mstaafu wasiuziwe paa lao. Lakini sheria hiyo haikuangalia ukubwa wa nyumba. Jumba la ghorofa tatu pale Kololo, lenye bwawa la kuogelea na geti la umeme, likikaliwa na mwenyewe halitozwi hata shilingi. Chumba kimoja kule Katwe, kikipangishwa kwa fundi viatu, kinaingizwa kwenye daftari la kodi ya majengo, na tunajua sote kwamba mwenye nyumba hujitoa fedha hiyo kwa mpangaji. Kwa hiyo fundi viatu anamlipia jiji, na mwenye jumba la Kololo anasamehewa kwa jina la mjane.

Hapa ndipo ninapomleta mstaafu, kwa sababu watetezi wa sheria hii humtanguliza yeye kama ngao. Kifungu cha 254 cha Katiba ya mwaka 1995 kinasema mambo matatu kuhusu pensheni ya mtumishi wa umma: isitozwe kodi, ipitiwe mara kwa mara ili kufuata mabadiliko ya thamani ya fedha, na ilipwe kwa wakati na kwa urahisi. Maneno mazuri sana. Baba yangu mkubwa alifundisha shule ya msingi mpaka akafikisha miaka 60. Aliyasikia maneno hayo kwenye semina ya kuwaaga wastaafu, akafurahi.

Alifanya kile ambacho walimu wengi hufanya. Alichukua kiinua mgongo chake akajenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Huku kwetu vyumba vya namna hiyo huitwa muzigo, na kwa mzee huyu jina limekuja kubeba na maana yake ya Kiswahili. Kila chumba hutoa shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa mwaka, vyumba vikijaa, hupata milioni 7 na laki 2. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Piga hesabu: anadaiwa 525,600. Hesabu hiyo hufanywa kabla ya kutoa gharama yoyote. Bati likipeperushwa na upepo, choo kikijaa, dari ikianguka, ni juu yake. Baada ya hapo halmashauri nayo huja na kodi yake ya majengo kwa vyumba vilevile.

Tufuatilie njia ya fedha hiyo. Kiinua mgongo hakikutozwa kodi, Katiba imeheshimiwa. Kilipogeuka matofali, kikatozwa mara mbili, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Mstaafu amesamehewa sebuleni, akadaiwa uani. Wala simwombei asamehewe kila kitu, kwa kuwa mwenye kupata apaswa kutoa. Nauliza tu: kwa nini mzee mwenye vyumba vinne atoe zaidi ya laki 5 kwa mwaka, huku mkurugenzi akitoa laki moja kwa halmashauri na jumba lake la kuishi likitoa sifuri?

Na huyu bado ni mzee mwenye bahati, kwa sababu alikuwa na ajira ya serikali. Wazee wengi wa Uganda hawakuajiriwa popote. Walilima na kuuza sokoni, kama shangazi. Wao hawana pensheni ya kusamehewa. Ruzuku ya serikali kwa wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa utaratibu uliopo ni lazima ufikishe miaka 80 ndipo uipate. Shangazi ana miaka 61. Kama hatasitisha biashara, atailipa halmashauri shilingi 1,000 kila siku kwa miaka 19 ijayo kabla ya kuanza kupokea hizo 25,000. Kwa siku 300 kwa mwaka, atakuwa ametoa shilingi milioni 5 na laki 7. Ili azirudishe kwa ruzuku, itambidi aishi miaka 19 mingine, mpaka afikishe 99. Mungu amjalie.

Wapo watakaoniambia kwamba kuzitoza nyumba za kuishi kutawafukuza wazee makwao. Hofu hiyo ni ya kweli, na nchi nyingine zimeipitia. Jirani zetu wa Tanzania wameitafutia njia. Kule mzee mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea husamehewa kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi, na wengine hulipa. Njia hiyo nayo ina kasoro zake. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye manunuzi ya umeme, na wapangaji wengi walijikuta wakimlipia mwenye nyumba kila wanaponunua tokeni. Lakini walau msingi wake ni sahihi: msamaha unamfuata mzee, haufuati jumba.

Marekani, ambako kila jimbo lina kodi zake, jambo hili limezua vita vya kisiasa. Wastaafu wengi huhamia Florida au Texas kwa sababu majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato. Wakifika huko hukuta kwamba kilichoachwa kwenye pensheni kinadaiwa kwenye nyumba au dukani, na Texas inajulikana kwa kodi nzito za majengo. California ilifanya kura mwaka 1978, wananchi wakaamua kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba itakapouzwa. Wazee walipumua, lakini pamoja nao walipumua wenye majumba ya kifahari na wenye majengo makubwa ya biashara, kwa maana kinga iliwekwa juu ya mali yote bila kuchagua. Ni kosa lilelile la Kololo kwa sura nyingine. Oregon walipata dawa bora zaidi: mzee asiye na uwezo huruhusiwa kuahirisha kodi ya nyumba yake, jimbo humlipia, kisha hudai fedha hiyo nyumba inapouzwa au inapoachwa. Mzee hafukuzwi, na halmashauri haikosi.

Kwa hiyo hatuwezi kusema njia hazipo. Njia zipo, kinachokosekana ni nia, kwa sababu wanaotunga sheria ni walewale wanaonufaika na dari ya laki moja na msamaha wa majumba. Kesi ya nyani huwezi kumpelekea ngedere.

Nadai mambo manne. Kwanza, dari ya Kodi ya Huduma za Mitaa iondolewe, na kila anayezidi milioni 1 kwa mwezi alipe kwa asilimia, hata kama ni asilimia 1 tu. Mkurugenzi wa milioni 20 angetoa shilingi 2,400,000 kwa mwaka, badala ya 100,000. Pili, msamaha wa nyumba ya kuishi ubaki kwa nyumba za kawaida na kwa wazee, na majumba ya thamani kubwa yatozwe. Mzee mwenye nyumba kubwa lakini asiye na fedha apewe nafasi ya kuahirisha. Tatu, anayeishi kwa pango la vyumba vichache baada ya kustaafu aongezewe kiwango kisichotozwa, na aruhusiwe kutoa gharama za matengenezo kwanza. Nne, fedha za sokoni zibandikwe ukutani: zimekusanywa kiasi gani mwezi huu, zimetumika wapi. Sheria ya Serikali za Mitaa inaiachia kata ya kijijini asilimia 65 ya makusanyo. Ni mchuuzi gani aliyewahi kuonyeshwa hizo 65?

Jambo la nne linatuhusu sisi moja kwa moja, walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Hati ya madai anayoletewa baba mkubwa ni ya Kiingereza. Yeye alikuwa mwalimu, anaisoma. Wapangaji wake hawaisomi, na shangazi haisomi. Mwaka uleule wa 2005 kodi ya kichwa iliposimamishwa, Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kianze kutumika rasmi. Tumeshangilia, tumeandika insha za kukisifu, tumefanya makongamano. Lakini lugha rasmi ambayo mwananchi hawezi kusomea deni lake ni pambo la ukutani.

Basi tuache kwa muda kubishana kama neno fulani ni sanifu au si sanifu, tukae na sheria hizi tuzitafsiri. Madaraja ya Kodi ya Huduma za Mitaa yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Msamaha wa nyumba ya kuishi ni aya chache. Kifungu cha 254 ni sentensi tatu. Kazi hiyo inaweza kufanywa na darasa moja la tafsiri katika muhula mmoja, ikachapwa na kubandikwa kwenye malango ya masoko, kwa Kiswahili na kwa lugha za watu wa pale.

Na kwa mwenzetu aliyepigiwa makofi, nina neno la mwisho. Nakubaliana nawe kwamba haki ya kuuliza iende na malipo. Tukishika kanuni yako, basi katika mkutano ujao wa halmashauri shangazi ataongea kwanza na kwa muda mrefu, kwa sababu amelipa mara tatu. Mkurugenzi atangoja zamu yake.